Fursa za kusoma nje zinazofungwa siku unayohitimu: uzi kwa walio bado chuoni

Lango Wazi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wa maombi ukikaribia, swali linalotawala ni moja: "Nimehitimu, nina GPA nzuri, nielekezeni ufadhili kamili wa uzamili." Huwa najibu na nitaendelea kujibu, lakini roho inaniuma kila mara. Fursa nyingi ambazo zingemfaa muulizaji zilikuwa karibu naye muda wote alipokuwa chuoni, zikamfungia mlango siku alipovaa joho. Leo nazungumza na walio mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mliokwisha kuhitimu msiondoke, ya kwenu yanakuja humu humu.

UNESCO huhesabu zaidi ya wanafunzi milioni 6 wanaosoma vyuo nje ya nchi zao, wakati mwaka 2000 walikuwa takriban milioni 2. Hesabu hiyo ni ya wanaofuata digrii nzima. Aliyekwenda muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, au aliyekaa miezi miwili kwenye maabara ya watu, hayumo. Nadhani ndiyo sababu mtu akisikia "kusoma nje" mawazo yanakimbilia digrii nzima peke yake, njia yenye gharama kubwa na foleni ndefu kuliko zote.

Kubadilishana wanafunzi kukoje? Vyuo viwili vinatia saini mkataba. Wewe unabaki mwanafunzi wa chuo chako, ada unalipa huko huko kama kawaida, na chuo kinachokupokea hakikutozi ada. Unakaa darasani na mgeni aliyelipa maelfu ya dola kwa muhula ule ule. Kinachobaki juu yako ni nauli, viza, bima, malazi na chakula, na wakati mwingine hata hivyo vina posho. Mfano maarufu ni Erasmus, mpango wa Ulaya ulioanza mwaka 1987. Wengi wanadhani ni wa Wazungu peke yao. Tangu 2015 una dirisha la wanafunzi wa vyuo vya nje ya Ulaya, kwa masomo ya miezi 2 hadi 12, na posho ya kujikimu ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kulingana na gharama za maisha za nchi unayokwenda, mbali na mchango wa nauli.

Sasa hapa ndipo watu wanapopotea. Maombi ya dirisha hilo hayatumwi Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya. Chuo chako kinatakiwa kiwe na makubaliano na chuo cha Ulaya, na tangazo linatolewa na ofisi ya ushirikiano wa kimataifa ya chuo chako, pengine kwa karatasi iliyobandikwa ubaoni, pengine kwa barua pepe iliyotumwa kwa wakuu wa idara ikaishia huko. Kwenye zile tovuti zinazokusanya skolashipu hutaiona. Ingia ofisini, uliza mikataba ipi iko hai, ni ya idara zipi, na ni nafasi ngapi hazikujazwa mwaka uliopita. Hilo swali la mwisho lina faida kuliko yote. Nafasi hubaki wazi, na hubaki kwa sababu hakuna aliyeomba.

Ukishachaguliwa, kazi kubwa inahamia kwenye fomu inayoitwa makubaliano ya masomo. Ina majedwali mawili. La kwanza linaorodhesha kozi utakazosoma ugenini, kila moja na namba yake na krediti zake. La pili linaorodhesha kozi za chuo chako ambazo hizo za ugenini zitachukua nafasi yake. Chini kuna sahihi tatu: yako, ya chuo kinachokutuma na ya chuo kinachokupokea. Jedwali la pili ndilo linaloamua kama utahitimu kwa wakati. Likijazwa kwa maneno ya jumla kama "kozi za hiari", ukirudi utaanza kubishana na idara kozi kwa kozi. Vyuo vya Ulaya hutumia mfumo wa krediti ambamo mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, muhula ni 30, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kuanzia kukaa darasani hadi kujisomea. Ukiijua hesabu hiyo unaweza kumwonyesha mkuu wa idara kwamba kozi ya krediti 6 ni karibu saa 150 hadi 180. Mabishano mengi hufia hapo.

Njia ya pili ni mafunzo ya utafiti ya muda mfupi. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, huchukua wanafunzi wakati wa kiangazi, hata kutoka nchi ambazo si wanachama wake. Sharti mojawapo ni uwe umekamilisha angalau miaka mitatu ya digrii na uwe bado mwanafunzi. Si wanafizikia tu, wahandisi na watu wa kompyuta wana nafasi zao. OIST, taasisi ya utafiti iliyoko Okinawa, Japani, ina mafunzo ya miezi kadhaa kwa wanafunzi wa sayansi kutoka nchi yoyote, na hugharamia tiketi ya ndege, malazi na posho. IAESTE, mtandao wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 1948, hupeleka wanafunzi wa fani za kiufundi kufanya kazi za mafunzo zenye malipo katika nchi nyingine. Jina lako likitoka kwenye orodha ya wanafunzi, mengi ya haya yanafungwa, hata ukiwa na alama za juu kuliko wote darasani kwako.

Pia kuna madarasa ya pamoja kwa njia ya mtandao, ambapo mhadhiri wako na wa nchi nyingine wanafundisha kozi moja kwa pamoja. Hayahitaji viza. Mimi siyaweki sawa na kusafiri, ila kwa asiyeweza kusafiri ni bora kuliko kukaa.

Mwenye swali alete.

---

Samawati

Mkuu, shukrani kwa uzi. Chuo chetu ni kipya, nimeshauliza, ofisi imeniambia hawana mkataba wowote wa kubadilishana. Ndiyo basi?

---

Lango Wazi (mleta uzi)

Hapana, Samawati. Kwanza uliza tena kwenye idara na kitivo, maana mikataba mingi husainiwa ngazi ya kitivo na ofisi kuu haina nakala. Pili, tafuta mhadhiri aliyesomea nje. Yeye bado anawasiliana na msimamizi wake wa zamani, na makubaliano mengi baina ya vyuo huanza hivyo: watu wawili wanaofahamiana wanapeleka wazo kwa wakubwa wao. Hata kama mkataba ukisainiwa wewe ukiwa umeshaondoka, katikati hapo unaweza kualikwa kama mwanafunzi mgeni kwenye maabara ya huyo msimamizi.

Tatu, yale mafunzo ya utafiti niliyotaja hayahitaji mkataba wa chuo na chuo. CERN na OIST unaomba mwenyewe. Kwa IAESTE unapitia kamati ya nchi yako, kama ipo.

---

Binti Hesabu

Nichangie, maana nimepita njia hiyo ya kubadilishana. Alichosema mleta uzi kuhusu jedwali la pili ni kweli tupu, na kuna kitu hakukigusa. Wiki ya kwanza ugenini nilikuta kozi mbili nilizoandika kwenye fomu hazifundishwi muhula ule, na nyingine imegongana na ratiba. Hilo ni jambo la kawaida kabisa. Fomu ina sehemu ya mabadiliko, lakini mabadiliko nayo yanataka sahihi zote tatu upya, tena ndani ya wiki chache za mwanzo.

Mratibu wa kwetu alikaa kimya. Nikaandika barua pepe, nikapiga simu, wapi. Mwishowe mwakilishi wa darasa letu ndiye aliyeipeleka karatasi mezani kwake na kusimama pale hadi ikasainiwa. Kwa hiyo kabla hujaondoka, acha mtu nyuma. Mtu mwenye miguu, si barua pepe.

Na jingine: omba transkripti ya ugenini kabla hujapanda ndege kurudi, au angalau hakikisha unajua nani anaituma na kwa njia gani. Ukishaondoka unakuwa jina kwenye faili.

---

Lango Wazi (mleta uzi)

Dada, hapo kwenye "acha mtu nyuma" umenifundisha. Watu wengi wanapoteza mwaka kwa sababu ya sahihi moja.

---

Kalamu Ndefu

Mimi ni miongoni mwa waliohitimu. GPA yangu ni ya katikati, si mbaya si nzuri. Kuna maana yoyote ya kuomba uzamili wa ufadhili, au nitapoteza muda?

---

Lango Wazi (mleta uzi)

Ina maana, ila usipige risasi hewani. Kila ufadhili una kitu unachokipenda, na si wote wanaanza na alama.

Chevening ya serikali ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1983, inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo ni sawa na miaka miwili hivi. Kazi ya kujitolea nayo inahesabika. Wanatafuta uongozi na uwezo wa kuunganisha watu, na insha zao zinauliza hayo waziwazi. Mwenye alama za katikati aliyeendesha jambo la maana kwenye jamii anaweza kumpita mwenye alama za juu asiye na la kusimulia. Masharti: unachagua kozi tatu, unasoma mwaka mmoja, kisha unarudi nchini kwako kwa angalau miaka miwili.

Erasmus Mundus ni kitu kingine, msiichanganye na ile ya kubadilishana. Hii ni digrii ya uzamili inayofundishwa na vyuo kadhaa kwa pamoja, ilianza 2004, na lazima usome katika nchi zisizopungua mbili. Skolashipu yake kwa sasa ni euro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24, na ada hulipi. Kila programu ina tovuti yake na namna yake ya kutoa alama kwa waombaji. Zipo zinazochapisha kabisa jedwali la alama: kiasi gani kwa transkripti, kiasi gani kwa barua ya nia, kiasi gani kwa uzoefu. Mwenye GPA kama yako asome majedwali hayo kwanza, achague programu inayoweka uzito kwenye uzoefu na nia. Maombi mengi hufunguliwa kati ya Oktoba na Januari kwa masomo yanayoanza Septemba inayofuata, kwa hiyo ukianza kuandaa karatasi Desemba umeshachelewa.

Na tafadhali, barua ya mapendekezo. Nimesoma barua nyingi zinazosema "namfahamu kijana huyu kama mwenye nidhamu, bidii na heshima kwa walimu". Msomaji aliye mbali hapati chochote hapo. Linganisha na hii: "Katika kozi yangu ya takwimu aligundua kwamba data tuliyopewa ina marudio, akaisafisha mwenyewe, na matokeo ya kundi zima yakabadilika." Sentensi moja, na mtu anaonekana. Mhadhiri hawezi kuandika hivyo kama hakumbuki, kwa hiyo mpelekee karatasi fupi yenye kozi aliyokufundisha, kazi uliyomfanyia, na ulichokipata. Huko si kumfundisha kazi, ni kumsaidia kukumbuka. Na mpe wiki tatu au nne, usimgongee usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

---

Fundi Umeme

Mbona hamtaji uzamivu moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza? Kuna jamaa yuko Marekani hivyo, hakusoma uzamili.

---

Lango Wazi (mleta uzi)

Vizuri umelileta, maana hili watu wanalikimbia kwa uoga. Kwenye vyuo vingi vya Marekani, hasa fani za sayansi na uhandisi, unaweza kuomba uzamivu ukiwa na digrii ya kwanza tu. Na aliyepokewa kwa kawaida halipi ada. Anapewa posho ya mwezi kwa kuwa msaidizi wa kufundisha au wa utafiti, kwa miaka mitano hivi. Hakuna "skolashipu" ya kutafuta pembeni, ufadhili umo ndani ya barua ya udahili. Ndiyo maana orodha za skolashipu haziutaji.

Maombi hufungwa Desemba na mwanzoni mwa Januari. Majibu yakija, kuna tarehe ya kuikumbuka: 15 Aprili. Vyuo vingi vya uzamivu na uzamili vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya siku hiyo. Chuo kilichosaini makubaliano hayo kikikubana ujibu Februari, una haki ya kukikumbusha kwa adabu. Ada ya kuomba huwa ipo, lakini vyuo vingi vina utaratibu wa kuisamehe. Andika barua fupi kwa ofisi ya udahili ya idara kabla hujalipa.

Ulaya ni tofauti tena. Uholanzi, Sweden, Norway na Denmark, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara na mkataba. Nafasi hutangazwa kama ajira, moja moja, mwaka mzima, kwenye ukurasa wa kazi wa chuo na kwenye tovuti ya EURAXESS. Huko kwa kawaida wanataka uwe na uzamili tayari. Mpango wa Marie Skłodowska-Curie, wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili watafiti, una sharti zuri kwa mgeni: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi husika zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Ambaye hajawahi kufika huko amelitimiza sharti akiwa nyumbani kwake.

---

Samawati

Hebu tuzungumzie pesa. Nimeona mtu kapata udahili Ujerumani, chuo hakina ada, na bado kakwama.

---

Lango Wazi (mleta uzi)

Atakuwa amekwama kwenye akaunti ya dhamana. Vyuo vya umma vya Ujerumani vingi havitozi ada, lakini ili upate viza lazima uonyeshe unaweza kuishi. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, zinafungwa kwenye akaunti maalumu na unaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Mwenye skolashipu anaonyesha barua ya ufadhili badala ya akaunti. Ambaye hana, "elimu bure" inaanza na pesa ambayo wengi wetu hatujawahi kuishika. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu wanaopiga debe la Ujerumani bure mara nyingi hawaitaji.

Na hata hilo neno bure lichunguzeni upya kila mwaka. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kikaanza kutoza wageni mwishoni mwa 2024. Denmark ilianza 2006, Sweden 2011, Finland 2017, Norway 2023. Chapisho la zamani linalosema Norway ni bure bado linazunguka mitandaoni, na watu bado wanalishika.

Uingereza wana kanuni ya siku 28: pesa iliyotajwa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango. Likishuka siku moja tu, hata kwa kiasi kidogo, hesabu inaanza upya, na ombi lililotumwa na taarifa hiyo linaweza kukataliwa. Mkopeshane baada ya viza, si kabla. Kanada nayo ilipandisha kiwango cha pesa ya kujikimu hadi zaidi ya dola 20,000 za Kanada Januari 2024, mwezi ule ule ilipotangaza ukomo wa vibali vya wanafunzi. Kwa Marekani kuna dola 350 za mfumo wa kusajili wanafunzi wageni, mbali na ada ya viza yenyewe.

Mahangaiko ya pesa ugenini ni ya zamani sana. Katika karne ya 12 mfalme Frederick Barbarossa wa Ujerumani alitoa amri ya kuwalinda wanafunzi waliosafiri kwenda kusoma sheria Bologna, Italia, na moja ya mambo aliyokataza ni kumkamata mwanafunzi kwa deni la mtu mwingine wa kwao.

Kwa hiyo ukipata barua ya ufadhili isome kwa jicho la tarehe. Nyingine zinalipa posho ya kwanza baada ya kufika, ukishafungua akaunti ya benki, na hapo wiki kadhaa zimepita. Waandikie uwaulize: tiketi mnanunua nyie au mnarudisha pesa? Viza mnalipia? Posho ya kwanza inaingia lini? Hakuna atakayekunyang'anya nafasi kwa kuuliza.

---

Daktari Mtarajiwa

Kuna wakala kanihakikishia nafasi ya udaktari nje, malipo nusu mwanzo. Chuo nimekiona mtandaoni, kina tovuti nzuri. Mnanishaurije?

---

Kalamu Ndefu

Usilipe!

---

Lango Wazi (mleta uzi)

Ndugu, simama kwanza, usilipe leo.

Wakala si lazima awe tapeli. Wapo wanaofanya kazi halali, lakini elewa anakula wapi. Wengi hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi, kwa hiyo chuo kisicholipa kamisheni hatakutajia, hata kama ndicho kinachokufaa na kina ufadhili. Ndiyo sababu mawakala hawazungumzii ufadhili kama DAAD ya Ujerumani, Türkiye Bursları ya Uturuki, Chevening wala Erasmus Mundus: huko kuomba ni bure na unaomba mwenyewe. Anayekudai pesa ili "akuingize" kwenye mojawapo ya hizo ni tapeli, sipepesi macho.

Mwaka 2023 Kanada ilikumbwa na kashfa ya wanafunzi wengi waliofika, wakasoma, kisha ikagundulika kwamba barua za udahili walizopewa na mawakala zilikuwa za kughushi. Tangu 1 Desemba 2023 kila barua inathibitishwa na chuo chenyewe kabla ya kibali kutolewa. Wewe nawe thibitisha hivyo hivyo: andika kwa ofisi ya udahili ya chuo kwa anwani uliyoitoa kwenye tovuti ya chuo, si aliyokupa wakala. Kisha hakikisha chuo kimo kwenye orodha ya serikali ya vyuo vinavyoruhusiwa kupokea wageni. Uingereza, Kanada na Marekani zote huchapisha orodha hizo wazi.

Kwa udaktari kuna hatua nyingine mbili ambazo kwangu ni za lazima. Tafuta chuo kwenye Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Tiba, inapatikana mtandaoni na inasomwa bure. Kisha nenda kwenye baraza la madaktari la nchi unayotaka kufanyia kazi ukaulize, kwa maandishi, kama digrii ya chuo hicho inakubalika na kama kuna mtihani wa kuingia. Mkataba wa kimataifa wa UNESCO wa kutambua vyeti vya elimu ya juu ulianza kutumika 5 Machi 2023 na ni hatua kubwa, lakini leseni ya taaluma bado iko mikononi mwa baraza la kila nchi. Tena uliza lugha. Kozi inaweza kufundishwa kwa Kiingereza darasani, halafu mwaka wa nne unaingia wodini na mgonjwa hajui neno la Kiingereza. Uliza kama kuna mafunzo ya lugha ya wagonjwa, ya muda gani, na nani anayalipia.

---

Binti Hesabu

Hapo kwenye lugha niongeze. Ufadhili wa Uturuki unaweka mwaka mzima wa kujifunza Kituruki kabla ya kuanza kozi, na ufadhili wa MEXT wa Japani huwa na kipindi cha Kijapani kwa wanaokihitaji. Watu wanauona ni mwaka uliopotea. Waliokaa nao vizuri ndio waliopata marafiki, kazi za likizo na wasimamizi. Msiukimbie.

---

Fundi Umeme

Swali la wenye familia. Nina mke na mtoto. Inawezekana kwenda nao?

---

Lango Wazi (mleta uzi)

Inategemea nchi na ngazi, mkuu, na hapa kanuni zimekazwa. Uingereza tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa haruhusiwi tena kuleta familia kama tegemezi, isipokuwa walio kwenye programu za utafiti na wanaosomeshwa na serikali. Uzamivu wa kuajiriwa kule Ulaya kaskazini una unafuu zaidi, kwa sababu una mshahara na kibali chako kinafanana na cha mfanyakazi. Kwa mtu mwenye familia mimi ningeelekeza nguvu huko, hata kama maandalizi yatachukua muda mrefu.

Angalia pia sharti la kurudi. Nimeshataja miaka miwili ya Chevening. Fulbright ya serikali ya Marekani, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1946 na kugharamiwa mwanzoni kwa mauzo ya mabaki ya vifaa vya vita, hutumia viza ya J-1 yenye sharti la kukaa nchini kwako jumla ya miaka miwili kabla ya kuomba viza za kazi au ukaazi wa Marekani. Familia inayotaka kuhama moja kwa moja isiingie huko kwa matumaini kwamba sharti litalegezwa.

---

Samawati

Mkuu, la mwisho kutoka kwangu. Niko mwaka wa pili, sina pasipoti, sina mtihani wa lugha, sina chochote. Wiki hii nifanye nini?

---

Lango Wazi (mleta uzi)

Mtihani wa lugha uache kwanza. Matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili, ukifanya sasa yataisha kabla hujayahitaji, na vyuo vingi vinakubali barua inayosema umefundishwa kwa Kiingereza, kama ndivyo ilivyo chuoni kwako. Pasipoti anza nayo, kwa sababu ndiyo inayochelewa bila wewe kuwa na la kufanya. Chukua transkripti ya mwaka wa kwanza, hakikisha majina yako yameandikwa sawasawa na kwenye cheti cha kuzaliwa na fomu ya pasipoti, herufi kwa herufi. Majina yaliyotofautiana yamewachelewesha wengi kuliko alama mbaya.

Halafu rudi kwenye kitivo, kama nilivyosema juu, ukaulize mikataba ya idara na mhadhiri gani alisomea wapi. Ukipata orodha ilete hapa bila kutaja chuo, tuipitie mmoja mmoja tuone upi una muda kabla hujafika mwaka wa mwisho.

---

Samawati

Nimeelewa. Kesho asubuhi naanza na kitivo.